Deni la Msomi: Funzo la Oktoba 1966

Kila tunapofundisha somo la historia ya nchi yetu kwa vijana wa Tunduma na wilaya za Songwe, swali moja halikosi: je, mtu aliyesomeshwa kwa jasho la wengine anadaiwa nini, na ni nani mwenye haki ya kumdai? Swali hili si geni. Liliulizwa mbele ya Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 22 Oktoba 1966.

Tukumbuke hali halisi ya wakati ule. Chuo Kikuu kilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na wengi wa wanafunzi wake walisomeshwa kwa fedha za umma. Fedha hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitoka kwa mkulima wa katani, wa pamba na wa kahawa, pamoja na huyu wa kwetu Mbozi, ambaye mtoto wake huenda hakuona hata mlango wa sekondari. Ndipo Serikali ikapendekeza kwamba wahitimu walitumikie Taifa kwa miaka miwili. Miezi michache ya mwanzo wangekaa kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Miezi 18 iliyobaki wangefanya kazi ya fani zao, lakini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Wanafunzi walikataa. Waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, wakatamka kwamba hata wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini mioyo yao haitakuwamo. Bango mojawapo lilidai kuwa afadhali enzi ya mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha nyumbani. Wanafunzi 393 walifukuzwa masomoni. Wengi wao walirudishwa baadaye, lakini si kabla ya kuishi tena miongoni mwa wale waliowasomesha.

Wengi hulisimulia tukio hili hadi hapo tu: wasomi walikuwa wabinafsi, wakaadhibiwa. Usimulizi wa namna hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli haijengi kada. Ndani ya malalamiko ya wanafunzi lilikuwamo jambo zito. Waliuliza kwa nini wao wakatwe asilimia 60 ilhali wakubwa waliokwisha kukalia viti wanaendelea na mishahara minono. Mwalimu hakulikwepa swali hilo. Alikubali kwamba mishahara ya juu, ukiwamo wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini, na papo hapo akaukata wa kwake kwa asilimia 20. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha lenye masharti ya uongozi. Hatusemi kwamba maandamano ndiyo yaliyozaa Azimio. Tunasema kwamba yalianika wazi hatari ya tabaka jipya, la walioko madarakani na la waliokuwa njiani kuelekea huko.

Safari haikuishia hapo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini idadi ya wasichana ilipungua, na mwaka 1976 sharti hilo likalegezwa kwa ajili yao. Utumishi wa JKT kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa mwaka 2013. Sheria ya mwaka 2004 ilianzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na tangu mabadiliko ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Deni lililokuwa la utumishi limekuwa zaidi deni la fedha.

Funzo ni nini, basi? Kwanza, deni la msomi ni la kweli. Reli ya TAZARA ilivuka mpaka hapa Tunduma mwaka 1973 kwa mikono ya vijana wa Tanzania, Zambia na China, na wengi wa vijana wetu hao hawakuwa na shahada yoyote. Pili, deni likigeuzwa kuwa makato peke yake, msomi huhesabu shilingi, akasahau watu. Akimaliza kulipa hujiona hadaiwi tena. Tatu, na hili ndilo kubwa, anayedai kujitolea kwa wengine hana budi kuanza yeye. Mwaka 1966 amri ilipata heshima si kwa sababu wanafunzi walifukuzwa, bali kwa sababu aliyewafukuza alijikata mwenyewe.

Kijana wa Tunduma anayebeba mizigo mpakani naye analipa kodi kila anunuapo sabuni. Yeye ndiye mdai. Sisi tuliosoma, na sisi tunaoongoza, sote tumo katika daftari lake.