Glavu ya Mpira na Mkono wa Daktari wa Meno

Mkaazi wa Kihoto, mtaa ule wa Naivasha uliopakana na ziwa na ambao vibarua wengi wa mashamba ya maua wamepanga vyumba humo, anapoketi kwa daktari wa meno huona kwanza glavu zikivutwa vidoleni, na aghalabu hudhani desturi hiyo ni ya kale sawa na koleo; illa sivyo, kwani hata katika miaka ya 1970 madaktari wa meno walio wengi duniani wakitia vidole vitupu vinywani mwa watu, baada ya kunawa kwa sabuni.

Na asili yake ni ya ajabu. Majira ya 1889, mjini Baltimore, Marekani, Caroline Hampton, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, alitokwa na upele mikononi kwa dawa ya zebaki ya kuulia vijidudu, na tabibu William Halsted, aliyemwoa mwaka uliofuata, akaiagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Glavu, basi, ilizaliwa kwa ajili ya kuihifadhi ngozi ya mfanyakazi. Wala haukupita umri wa karne moja ila ikawa yenyewe ndiyo inayoidhuru.

Kilicholeta mageuzi hayo ni UKIMWI, maradhi yaliyobainika Kenya mwaka 1984. Matabibu wa kila namna waliamrishwa kuvaa glavu kwa kila mgonjwa, viwanda vya Asia vikaharakia kuzitoa, na nyingi zikabaki na protini za utomvu wa mpira. Fauka ya hayo zilipakwa unga wa wanga wa mahindi zipate kuvalika upesi, na unga huo, glavu inapovuliwa, hupeperuka ukiwa umebeba protini zile hadi puani. Hapo ndipo madaktari wa meno na wasaidizi wao, ambao hubadili glavu kutwa nzima, walipoanza kuwashwa, kupiga chafya na hata kubanwa na pumu. Mzio huo ulikuwa umekwisha kuelezwa Uingereza mwaka 1979, lakini Marekani haikupiga marufuku glavu za unga hadi 2017. Ukawaji huo, kwa rai yangu, hauna udhuru, maana glavu za naitraili, zisizo na utomvu, zilikuwa zimekwisha kupatikana.

Protini za mpira zina udugu na zile za ndizi na parachichi, vyakula vya kila siku kwetu. Kwa hiyo wewe ambaye midomo hukuwasha ulapo matunda hayo, mwarifu daktari kabla hajavaa glavu zake.