Mtoto wa Nyumba Namba 40

Katika matangazo ya vifo tumezoea kusikia kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Aliugua nini? Hatuambiwi. Basi leo twendeni London ya mwaka 1854, ambako sababu za vifo zilizoandikwa daftarini zilimfichua muuaji.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kilivamia mtaa wa Soho, kikaua watu zaidi ya 600. Wakubwa wa afya wengi waliamini kinaletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alishuku maji. Akaenda Ofisi Kuu ya Usajili, kwa mtakwimu William Farr, akapewa orodha ya vifo 83, kisha akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango. Karibu wote waliishi jirani na pampu ya Broad Street. Kumi tu ndio waliokuwa karibu zaidi na pampu nyingine, na jamaa za watano kati yao walisema maji ya Broad Street ni matamu, waliyafuata huko huko. Wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia mtaani hapo hakufa hata mmoja: walikunywa bia ya bure, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. (Tafadhali, hiyo si dawa!)

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa. Kusema kweli, ugonjwa ulikwisha anza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wamekimbia.

Lakini uchafu uliingiaje kisimani? Jibu alilipata kasisi Henry Whitehead mwaka 1855, naye alianza kwa nia ya kumpinga Snow. Akipekua kumbukumbu za vifo, alikuta mtoto mchanga wa nyumba namba 40, mbele ya pampu. Aliandikwa kuwa amekufa kwa kuhara, siku nne baada ya kuugua. Kwa kuwa halikuandikwa neno kipindupindu, hakuna aliyemjali. Mama yake alieleza kuwa maji aliyofulia nepi aliyamwaga katika shimo la uchafu chini ya nyumba. Walipofukua, walikuta shimo liko chini ya mita moja kutoka kisimani, matofali yake yamelegea, linavuja.

Baba wa mtoto naye aliugua kipindupindu tarehe 8 Septemba, akafa mwezi huo huo. Uchafu wake nao uliingia shimo lile lile, ila siku hiyo mpini wa pampu ulikuwa umekwisha ondolewa.