Unyogovu: Kidonge au Mazungumzo?

Leo tunazungumza na akina mama, pamoja na wote wanaotunza wagonjwa nyumbani, kuhusu ugonjwa wa unyogovu, ambao wengi huuita depresheni. Tutasimulia historia ya tiba zake mbili, yaani dawa na ushauri nasaha.

Kwa nini historia? Kwa sababu katika kliniki tunasikia maneno mawili kila mara. Mama mmoja husema, "Nesi, dawa za kichwa sitaki, hizo ni za wendawazimu." Mwingine husema, "Nimekuja hospitali kutibiwa, sikuja kupiga gumzo. Nipe dawa niende." Wote wawili hurudi nyumbani bila msaada, na watoto wao huumia pamoja nao. Tukijua tiba hizi zilitoka wapi na zilivyopimwa, tutaacha kuzidharau.

Unyogovu ni nini?

Huzuni humpata kila mtu, na huenda zake. Unyogovu hukaa. Kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu hujaa huzuni au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi hupotea au huzidi, chakula hakipandi, mwili huchoka bila kazi, na moyoni mtu hujiona hafai. Wengine huwaza kifo. Ugonjwa huu huweza kumpata mama akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Huo si uvivu, na wala si kukosa shukrani kwa mtoto aliyepewa.

Dawa zilizopatikana kwa bahati

Mnamo 1951 na 1952, katika Hospitali ya Sea View jijini New York, Marekani, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa hoi wakaanza kula vizuri, kucheka, na hata kucheza dansi wodini. Baadaye daktari Nathan Kline na wenzake waliwapa wagonjwa wa unyogovu dawa hiyo, na mwaka 1957 wakatangaza kwamba wengi walipata nafuu. Kwa bahati mbaya, iliharibu maini ya baadhi ya wagonjwa, na mwaka 1961 ikaondolewa sokoni kule Marekani.

Wakati huo huo, huko Münsterlingen nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa nyingine, imipramini. Ilikuwa imekusudiwa ugonjwa mwingine wa akili, lakini huko haikufaa. Mwaka 1956 akawapa wagonjwa wenye unyogovu mzito. Baada ya siku au wiki kadhaa, watu waliokuwa wamejikunyata kimya wakaanza kuamka wenyewe asubuhi na kuzungumza na wenzao. Alipotoa taarifa yake mkutanoni Zürich mwaka 1957, waliomsikiliza walikuwa kama kumi na wawili tu. Mwaka uliofuata dawa hiyo ilianza kuuzwa.

Mwaka 1961 Marekani iliidhinisha ndugu yake, amitriptilini, ambayo hadi leo hutumika katika hospitali zetu. Mwishoni mwa 1987 ikaidhinisha fluoksetini. Hii mpya haikuwa na nguvu zaidi ya zile za zamani. Faida yake ilikuwa kwamba haileti sana ukavu wa kinywa, kufunga choo na usingizi wa mchana, na si hatari sana mtu akimeza vidonge vingi kupita kiasi.

Mazungumzo nayo yana shule yake

Ushauri nasaha haukusimama mahali pamoja. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck, huko Philadelphia, aligundua kuwa wagonjwa wake walikuwa na mawazo yanayojirudia bila wao kuyachunguza: "Mimi sifai. Hakuna anayenipenda. Kesho itakuwa mbaya kama leo." Akawafundisha kuyakamata mawazo hayo na kuyapima kama ni ya kweli. Kuanzia 1969 Gerald Klerman na Myrna Weissman nao walitengeneza tiba inayoangalia mahusiano. Hii huuliza: Je, umefiwa? Una ugomvi nyumbani? Maisha yako yamebadilika ghafla? Huna mtu wa kuegemea?

Kwa hiyo mama, ushauri nasaha si kuhubiriwa, wala si kuambiwa "jipe moyo". Ni kazi yenye hatua zake, na mgonjwa hupewa mambo ya kujaribu nyumbani.

Tiba mbili kwenye mzani

Mwaka 1977 Beck na wenzake waliwagawa wagonjwa 41. Wengine walipata mazungumzo, wengine imipramini. Waliozungumza ndio waliopata nafuu zaidi. Lakini watu 41 ni wachache mno kumaliza ubishi.

Serikali ya Marekani ikagharamia jaribio kubwa zaidi, na matokeo yakatoka mwaka 1989. Wagonjwa 250 katika miji mitatu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. La kwanza lilipata tiba ya Beck, la pili tiba ya mahusiano, la tatu imipramini, na la nne vidonge visivyo na dawa ndani. Makundi haya mawili ya mwisho yalikuwa pia na daktari wa kuwaona na kuwatia moyo. Kwa wagonjwa ambao unyogovu wao haukuwa mzito, tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Kwa wale waliolemewa sana, imipramini ndiyo iliyofanya vizuri zaidi, na tiba ya mahusiano nayo ikaonyesha dalili za kusaidia.

Hapo swali likabadilika. Halikuwa tena "Ipi ni bora?" bali "Mgonjwa huyu amelemewa kiasi gani?"

Utafiti wa mwaka 2005 ukaongeza jambo jingine. Uliwafuata kwa mwaka mmoja watu waliokuwa wamepata nafuu kutoka unyogovu wa kiasi hadi mzito. Kati ya kila 100 waliotumia dawa kisha wakaiacha, 76 walirudiwa na ugonjwa. Walioendelea na dawa, waliorudiwa ni 47. Waliokuwa wamemaliza tiba ya mazungumzo, ni 31 tu. Dawa husaidia mtu anapoitumia, lakini mafunzo ya mazungumzo hubaki naye. Tafiti nyingine nyingi zimeonyesha kwamba kwa unyogovu wa kiasi na ule mzito, dawa na mazungumzo pamoja hushinda kimoja peke yake.

Historia inafika kwetu

Unaweza kusema, "Nesi, hayo ni ya Wazungu wenye madaktari wengi." Basi sikiliza ya majirani zetu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, UKIMWI ulikuwa umewaacha wengi na misiba. Wenyeji walikuwa na majina yao ya mateso haya, moja likieleza kujichukia na jingine kujihurumia. Dawa zilikuwa ghali mno kwao. Basi watu wa kawaida wa huko, wasio na ujuzi wa tiba ya akili, walifundishwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi kwa njia ile ya mahusiano. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kati ya kila 100 walioandikishwa katika vikundi, 86 walikuwa na unyogovu mwanzoni, na mwishoni walibaki 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walishuka kutoka 94 hadi 55.

Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea mama wenye unyogovu tangu ujauzito. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mtoto alipofika miezi sita, mama 23 kati ya 100 ndio waliokuwa bado wagonjwa. Kwa wale waliotembelewa kwa kawaida tu, walikuwa 53. Na watoto wa mama waliosaidiwa walihara mara chache zaidi, na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Unaona, mama? Akili ya mzazi ikitibiwa, mtoto naye hufaidika.

Nao Zimbabwe, tangu 2006 akina nyanya waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki jijini Harare. Anayezidiwa hupelekwa mbele kwa wataalamu.

Wewe upime vipi?

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa vituo vya afya. Unyogovu ukiwa mwepesi, usianze na vidonge. Anza na mazungumzo na msaada wa watu wa karibu. Ukiwa wa kiasi au mzito, dawa nayo ifikiriwe. Uamuzi huo ufanye pamoja na daktari au muuguzi wako.

Ukipewa dawa, kumbuka haya:

1. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kuleta nafuu. Usikate tamaa siku ya tatu.
2. Ukipata nafuu, usiiache ghafla. Kwa kawaida huendelea miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole kwa ushauri wa daktari.
3. Kama una mimba au unanyonyesha, sema mapema ili uchaguliwe dawa inayofaa. Usiache dawa wala kunyonyesha kabla ya kuuliza.
4. Vijana hupewa kwa uangalifu. Mwaka 2004 Marekani iliamuru onyo liwekwe kwenye dawa hizi, kwa sababu huweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana.
5. Fungia vidonge mbali na watoto. Amitriptilini inaweza kumuua mtoto akiimeza.

Na wewe unayemtunza mgonjwa, akisema hataki kuishi, au mama aliyejifungua akianza kusikia sauti au kuwaza kumdhuru mtoto, usingoje kesho. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Kidonge si aibu, na mazungumzo si upuzi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Hapa kwetu unyogovu huitwa kwa jina gani?
2. Ni nini huwazuia akina mama kwenda kliniki wanapolemewa moyoni?
3. Katika kikundi chetu, nani anaweza kumtembelea mama aliyejifungua wiki hii?