LUGHA MBILI ZA MWANDISHI MMOJA: PAUL MBOYA NA UANDISHI KATIKA NYANZA KUSINI

Utangulizi

Historia ya uandishi wa Kiswahili imezoeleka kuanzia Pate, Lamu, Mombasa na Unguja, kisha kuingia Tanga kwa Shaaban Robert, na kutoka hapo kuendelea hadi riwaya na tamthilia za wasomi wa vyuo vikuu. Nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria haina nafasi kubwa katika masimulizi hayo. Sehemu ambazo leo ni Kaunti za Homa Bay na Migori, zikitajwa, hutajwa katika historia ya maandishi ya Kijaluo au ya Kiingereza.

Makala haya yanamchunguza mwandishi mmoja wa sehemu hizo, Paul Mboya wa Karachuonyo, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu kwa Kijaluo na mwaka 1959 akatoa kingine kwa Kiswahili. Asichanganywe na Tom Mboya, mwanasiasa wa ukoo wa Rusinga, ambaye kitabu chake Freedom and After kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1963. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya mwandishi haiamuliwi na kuzaliwa kwake peke yake. Huamuliwa pia na msomaji anayemkusudia. Hoja hiyo ikikubaliwa, itabidi mipaka ya historia ya nathari ya Kiswahili nchini Kenya ichorwe upya.

Eneo na lugha zake

Wakati wa ukoloni, wilaya iliyoitwa South Nyanza ilikuwa na watu wa lugha kadhaa. Wajaluo, wasemao lugha ya Kinailoti, walikaa pamoja na Wagusii, Wakuria na Wasuba, ambao lugha zao ni za Kibantu. Makao makuu ya wilaya yalikuwa Kisii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wagusii walipata wilaya yao, na makao ya South Nyanza yakawa Homa Bay. Katika miaka ya 1990 Migori nayo ilitengwa, na mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Hata baada ya migawanyo hiyo, mchanganyiko wa lugha haukwisha: Wakuria wamo Migori pamoja na Wajaluo, na visiwani Rusinga na Mfangano Wasuba wengi wamekuwa wasemaji wa Kijaluo.

Uandishi wa chapa uliingia sehemu hizi kwa njia ya misheni. Mwaka 1906 Waadventista wa Sabato walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, chini ya Arthur Carscallen kutoka Kanada, akiwa pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Carscallen alitunga sarufi ya Kijaluo, na mwaka 1913 misheni ikapata mtambo mdogo wa kupigia chapa. Kwa hiyo mwanakijiji wa Karachuonyo aliyejua kusoma aliweza kuona karatasi zikitoka mtamboni katika lugha ya mama yake, zaidi ya miaka 10 kabla ya Agano Jipya zima kutoka kwa Kijaluo mwaka 1926. Biblia nzima ilifuata mwaka 1953.

Jambo moja la kiisimu lafaa kutajwa mapema. Kijaluo kina irabu tisa, lakini tahajia yake hutumia herufi tano tu, na toni haziandikwi. Hii ina maana kwamba maandishi ya Kijaluo humtaka msomaji aongezee mwenyewe sauti ambazo karatasi haikuzionyesha. Mjaluo hulifanya jambo hilo bila kufikiri. Jirani yake Mgusii au Mkuria hawezi. Tangu mwanzo, basi, kitabu cha Kijaluo kilikuwa kinamchagua msomaji wake.

Kitabu cha mila, 1938

Paul Mboya alilelewa katika mazingira ya misheni hiyo. Alikuwa mchungaji wa Kiadventista, kisha akawa chifu wa Karachuonyo, na baadaye katibu wa baraza la wilaya. Nafasi hizo tatu si habari za pembeni. Mchungaji alitakiwa kuwaachisha watu baadhi ya mila. Chifu alitakiwa kuzijua ili aweze kuamua mashauri. Katibu alitakiwa kuandika yaliyoamuliwa. Mtu mmoja alibeba madai hayo yote, na maandishi yake yalizaliwa humo.

Luo Kitgi gi Timbegi, yaani Wajaluo, desturi zao na matendo yao, kilitoka mwaka 1938. Ni kitabu cha maelezo: ndoa, maziko, ujenzi wa boma, wazee na uongozi. Baada ya Uhuru kilipigwa chapa tena Kisumu na Anyange Press, na mwaka 2001 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya Jane Achieng. Kwa vipimo vya vitabu vya lugha za wenyeji, hayo ni maisha marefu.

Lugha ya kitabu hicho isingeweza kuwa nyingine. Majina ya sehemu za boma, ya hatua za posa na ya makatazo yamo katika Kijaluo kwa namna ambayo kuyatafsiri kungekuwa kuyaeleza upya kila mara. Tena aliyekusudiwa alikuwa kijana wa Kijaluo aliyekwenda shule na ambaye huenda hakuketi na wazee jioni. Mwandishi alikuwa akijaza nafasi ya mzee asiyekuwapo.

Hata hivyo, kuandika mila ni kuibadili. Jambo ambalo wazee wa Karachuonyo walilisema kwa namna moja, na wazee wa mahali pengine kwa namna nyingine, huwa kanuni moja likishapigwa chapa, hasa likiwa limeandikwa na chifu. Asomaye kitabu hicho kama shahidi wa mila hana budi kukumbuka kwamba shahidi huyo alikuwa pia hakimu na mhubiri. Mvutano huo haukumwacha Mboya. Mwaka 1978 alitoa Richo Ema Kelo Chira, ambacho jina lake lasema kwamba dhambi ndiyo iletayo chira, yaani maradhi na maangamizi yampatayo mtu aliyevunja mwiko. Katika maneno manne ya jina hilo, mafundisho ya kanisa na itikadi ya wazee yamewekwa katika sentensi moja, tena kwa Kijaluo.

Kitabu cha utawala, 1959

Kati ya vitabu hivyo viwili kipo kile ambacho wanafunzi wa Kiswahili hawakijali ipasavyo: Utawala na Maendeleo ya Local Government South Nyanza, 1926–1957, kilichotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1959. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1948 ili kuwapatia Waafrika vitabu vya kusoma kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki.

Mada yake ni mabaraza ya wenyeji, yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1924 na kugeuzwa kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika kwa sheria ya mwaka 1950. Hapo ndipo sababu ya kubadili lugha inapoonekana. Baraza la South Nyanza halikuwa baraza la Wajaluo peke yao. Historia yake ingeandikwa kwa Kijaluo, ingekuwa kana kwamba imeandikwa na upande mmoja kwa ajili ya upande huo. Ingeandikwa kwa Kiingereza, ingewafikia maofisa na walimu wachache. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya kabila lolote kati ya yale makubwa ya wilaya hiyo, na udhaifu huo ndio uliokuwa nguvu yake. Tena irabu zake tano zimeandikwa zote, wala hakina toni ya kukisiwa. Mkuria aliyejua kusoma aliweza kukisoma kwa sauti bila kumwuliza Mjaluo.

Uamuzi huo una uzito zaidi ukitazamwa pamoja na siasa ya elimu ya wakati ule. Ripoti ya ujumbe wa Binns, uliotembelea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilishauri Kiswahili kiondolewe katika shule za mahali ambapo hakikuwa lugha ya wenyeji, kwa madai kwamba kilizuia lugha za mama na Kiingereza. Kuanzia mwaka 1957 majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza yalianza Nairobi. Yaani Kiswahili kilikuwa kikisukumwa nje ya madarasa ya bara wakati mtumishi wa baraza la bara alipokuwa akikiandikia historia ya wilaya yake.

Jina la kitabu lenyewe ni ushahidi wa hali ya lugha. "Utawala" na "maendeleo" ni Kiswahili kilichokwisha kukomaa. "Local Government" limeachwa katika Kiingereza, ingawa leo husemwa serikali za mitaa. Mwenye kupenda usafi wa lugha ataona kasoro. Mwanahistoria wa lugha ataona mahali hasa ambapo istilahi ilikuwa bado kuundwa, na ataona kwamba mwandishi hakungoja kamati ya istilahi ndipo aandike.

Nafasi yake katika nathari ya Kiswahili

Yaweza kupingwa kwamba habari za baraza si fasihi. Pingamizi hilo lina nguvu ikiwa fasihi ni ushairi na hadithi za kubuni tu. Lakini nathari ya Kiswahili ina mkondo mwingine wa zamani, mkondo wa habari. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyotolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962, ni historia ya watawala wa Usambaa iliyoandikwa na mtu aliyewatumikia. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, ni historia ya watumwa walioachwa huru na kizazi chao katika pwani ya Kenya. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali, na sehemu kubwa ya nathari yake ni wasifu na insha.

Kitabu cha mwaka 1959 ni cha mkondo huo. Mwandishi wake ni mtumishi wa mamlaka, mada yake ni utawala wa mahali pamoja, na lugha yake ni ile iunganishayo watu wa lugha mbalimbali. Upungufu wake nao ni wa mkondo huo: aliyeketi barazani huyaona mambo kutoka kitini, na sauti ya mlipa kodi lazima itafutwe kwingine.

Miaka 20 na zaidi baadaye, sehemu hizi zilitoa mwandishi wa Kiswahili wa namna nyingine. Chacha Nyaigotti-Chacha, Mkuria wa Migori, alitoa tamthilia ya Mke Mwenza mwaka 1982, na mwaka 1992 uchunguzi wake wa ushairi wa Abdilatif Abdalla ukachapishwa Dar es Salaam. Huyu alikuja kwa njia ya chuo kikuu, si kwa njia ya baraza. Hata hivyo chaguo lake lafanana na la mtangulizi wake: ameandika kwa lugha inayovuka mpaka wa kabila lake.

Hitimisho

Paul Mboya hakuhama kutoka Kijaluo kwenda Kiswahili, kwani mwaka 1978 alikuwa amerejea kwenye Kijaluo. Aliandika mila na dhambi kwa lugha ya nyumbani, na utawala kwa lugha ya barazani. Mtaalamu wa Kijaluo amesoma nusu ya mwandishi huyo, na mtaalamu wa Kiswahili hajaisoma nusu iliyobaki. Historia ya nathari ya Kenya inayoruka kutoka kwa Mbotela mwaka 1934 hadi Ukiwa ya Katama Mkangi mwaka 1975 huliacha pengo la miaka 41, na ndani ya pengo hilo kimo kitabu cha Karachuonyo. Kitabu hicho kinastahili kuwekwa mbele ya wanafunzi wa Kiswahili, pamoja na jina lake la lugha mbili, na kusomwa kama kazi ya mwandishi.