Elimu ya Tarikhi na Riziki: Ushahidi wa Njombe na Makambako

Aghalabu kijana wa Njombe achaguaye kusoma Historia huulizwa na wazee wake atakula nini, kwa kuwa tabibu ana hospitali na mhandisi ana barabara, ilhali tarikhi haina duka wala karakana. Na swali hilo, ambalo si la dharau bali la huruma, lastahili kujibiwa kwa hoja. Dai langu ni kwamba elimu hii hufunza ustadi ambao kazi nyingi huuhitaji na fani chache huufundisha kwa makusudi, nao ni kupima ushahidi wa watu wasioafikiana.

Tutazame vita vya Majimaji. Mwaka 1905 misheni ya Walutheri wa Berlin iliyokuwa Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa, na wapo Wabena waliosimama upande wa misheni na wapo walioingia vitani dhidi yake. Wamishonari waliandika habari zao kwa jicho la Ulaya, maofisa wa Kijerumani kwa jicho la serikali yao, na wazee wakahifadhi simulizi za namna ile waliyokwenda kuikusanya vijijini wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968. Mwanafunzi wa tarikhi hana ruhusa ya kumsadiki mmoja kwa cheo chake, wala kumpuuza mwingine kwa kuwa hakuandika. Hana budi kuuliza ni nani aliyeona, ni nani aliyesikia, na ni nani aliyekuwa na maslahi, kisha atoe hukumu ambayo msomaji aweza kuikagua hatua kwa hatua.

Mizani hiyo hiyo ndiyo itakiwayo na afisa ardhi au mtendaji wa kata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yatambua haki za kimila. Na katika nchi ambayo kampuni ya miwati iliingia 1949, watu wakahamishwa kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na leo miti, chai na parachichi vimeipandisha ardhi thamani, shamba moja laweza kubeba madai matatu: la babu aliyefyeka pori, la kijiji kilichogawa, na la mnunuzi wa juzi.

Makambako yafunza jambo la pili, yaani kupambanua sababu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, yakutana hapo na barabara kuu ya Zambia na njia iendayo Njombe na Songea. Mwenye pupa atasema reli ndiyo iliyoukuza mji. Aliyefunzwa tarikhi atauliza kwa nini stesheni nyingine za reli iyo hiyo zimebaki vijiji, na jibu lake litamfaa mpanga mipango, mwandishi wa habari, hata mfanyabiashara atafutaye mahali pa kujenga ghala.

Walakini cheti peke yake hakimdhaminii mtu ajira, na lau somo litakuwa ni kukariri majina ya magavana na miaka yao, basi wazee watakuwa wamesema kweli. Faida niliyoitetea hupatikana pale tu mwanafunzi anapotumwa kuwahoji wazee wa kijiji chake, kulinganisha maneno yao na nyaraka, na kuandika taarifa yenye ithibati. Na mtihani usiopima kazi hiyo wawanyima vijana kile hasa ambacho mwajiri angekilipia.