Punje Zilizogombanisha Canberra na Paris

Mwaka 2023 ilitimia miaka 40 tangu jarida la Nature litangaze kwamba mwamba wa Mount Narryer, Australia Magharibi, ambao zamani ulikuwa mchanga, una punje za madini ya zirkoni zenye umri wa miaka bilioni 4.1 hadi 4.2. Kipande cha Dunia kikongwe kiasi hicho kilikuwa hakijawahi kupimwa.

Zirkoni inapoganda kutoka kwenye magma hupokea urani na kukataa risasi. Risasi inayokutwa humo baadaye karibu yote imetokana na urani, na uwiano wake na urani ndio unaotoa umri. William Compston na wenzake wa Canberra waliupima kwa SHRIMP, mtambo wa kujaza chumba unaochimba doa jembamba kuliko unywele.

Paris wakakataa. Urs Schärer na Claude Allègre walichukua zirkoni za Mount Narryer, wakayeyusha punje mojamoja kwa asidi, njia iliyokwisha kuaminika, na mwaka 1985 wakaandika kwamba hawakukuta hata moja ya umri uliotangazwa. Shaka ikauangukia mtambo. Haikuwa husuda: chombo kipya chenye majibu ya ajabu lazima kibanwe. Ila punje kongwe ni chache mno, ukiokota kidogo waweza kuzikosa zote. Tena nyingine zina kiini cha kale ndani ya ganda changa. Ukiyeyusha vyote pamoja, umri unachanganyika. SHRIMP ilipima kiini peke yake.

Mwaka 1986 Compston na Robert Pidgeon walijibu kwa punje ya Jack Hills, vilima vya jirani: miaka milioni 4276. Kelele zikapungua.

Mwaka 2001 makala mbili za toleo moja la Nature zilionyesha oksijeni nzito ndani ya zirkoni za Jack Hills, mojawapo ikiwa na miaka bilioni 4.4. Maana yake, mwamba ulioyeyuka ukazaa magma ile ulikuwa umeshakutana na maji usoni mwa Dunia. Hata hivyo michoro mingi ya Dunia changa bado ni lava tupu, uvivu usiosameheka.

Kinachobishaniwa sasa ni kiasi cha mabara yaliyokuwapo wakati huo. Mark Harrison na wenzake walisoma elementi ya hafni iliyomo katika punje hizo wakaona mabara makubwa ya mapema. Wengine wanaona vipande vidogo juu ya ganda la basalti.