Sikio la Bibi Kizee: Joka na Zimwi la Usukumani

Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, ni nchi ya mbuga, pamba na ng'ombe. Katika nchi hii ya Wasukuma vijana walifundishwa dunia kwenye shikome, moto wa jioni wa wazee, na kiumbe aliyewatetemesha pale ni Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alisalia mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwepesi wa kuelewa.

Mtoto alipokua aliuliza watu wako wapi, akaambiwa wamemezwa. Akaingia porini. Akaua panzi, akarudi akishangilia kuwa amelimaliza zimwi. Mama akamwambia huyo ni panzi tu, tumchome tumle. Akaleta ndege, kisha swala, na jibu likawa lile lile, hadi siku aliyokutana na Shing'weng'we mwenyewe. Alipoliua na kulipasua, watu wakatoka hai, lakini kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga. Watu wakamlinda kijana wao, wakatafuta dawa, bibi akapona. Hapo ndipo Masala Kulangwa alipofanywa mtemi.

Wasomaji wa pwani watalikumbuka lile jibu la mama. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, kijana anamwinda Nunda mla watu. Kila mnyama anayemuua anampelekea mama yake, naye mama anamjibu kuwa huyo siye. Wasotho kusini mwa Afrika nao wana zimwi lao la kumeza, Kholumolumo, linalouawa na mtoto aliyenusurika na mama yake. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walikwenda na kurudi kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, na huenda hadithi nazo zilisafiri pamoja na mzigo wa begani.

Lakini mbali na zimwi, Usukuma una joka pia, nalo halikuishia kwenye ngano. Upo ushirika wa Bayeye, watu wa nyoka, ambao Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya Tanganyika, aliuandikia makala mwaka 1946. Anayeingia huchanjwa dawa, hufundishwa mizizi na majani, na hujifunza tabia za fira, swila na kifutu. Baada ya mavuno, Bayeye hucheza ngoma na chatu hai shingoni, watazamaji wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Wanyamwezi, majirani wa kusini, nao wana Bayeye wao. Mkulima aliyeumwa na nyoka shambani alijua mlango wa kubisha hodi.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Waganda wa Buddu walikuwa na hekalu la chatu aliyeitwa Selwanga. Kwa Waluo wa Nyakach nchini Kenya, chatu Omieri alipoonekana mwaka 2003, wazee walisema ni heri ya mvua na mavuno, wakataka aachwe atamie mayai yake. Katika nchi hizi nyoka mkubwa hutunzwa na huheshimiwa.

Ndiyo maana nalirudia lile sikio. Masala Kulangwa hakupewa kiti siku ya kuua zimwi. Alikipata baada ya jeraha la bibi kupona. Vivyo hivyo Myeye, mmoja wa Bayeye: kushika nyoka kunamletea vigelegele, na kuponya ndiko kunakompa heshima. Mkoa wetu wa Shinyanga umewahi kuua bibi vizee kwa tuhuma za uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Ngano ya wazee wetu wenyewe ilikuwa imekwisha kutoa hukumu: bibi mwenye hasira na uchungu hutafutiwa dawa.

Hazina hii imeokolewa kwa sehemu. Huko Ndoleleji, humu humu Kishapu, Padre Donald Sybertz na kamati ya utafiti ya wenyeji walikusanya methali na hadithi za Kisukuma, na makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, yanatunza vifaa vya ngoma na vya utemi. Mengine bado yamo vifuani mwa wazee. Ukiwa na babu au bibi anayeijua Shing'weng'we, kaa naye jioni moja, mwache asimulie mpaka mwisho, na sehemu ya sikio usiiruke.